Karatasi ya Herufi Zote

Hebu mtazame akija. Ni Jumanne asubuhi, juma la mwisho kabla ya Pentekoste, na njia ya kupandia maktaba ya kijiji chetu cha Merișoru bado ina matope ya mvua ya jana. Anapanda taratibu, kitambaa cheusi kimefungwa chini ya kidevu, na kifuani amekumbatia foronya ya mto yenye kitu kizito cha pembe nne ndani yake. Akifika mlangoni haingii. Anasimama, anachungulia, anahesabu waliomo. Tupo wawili: mimi ninayeshika funguo za maktaba, na paka. Hapo ndipo anapoingia, anaburuta kiti mpaka mgongo wake uguse ukuta, na anakaa akiutazama mlango.

Huyo ndiye Zamfira Crețu, mwanamke wa miaka sitini na sita, mpiga taipureta wa ushirika wa kilimo kwa miaka ishirini na miwili, mpaka ushirika wenyewe ulipovunjwa. Simu ikilia nyumbani kwake huuliza, "Unamtaka nani?" na jina lolote utakalolitaja, hata la kwake, atakujibu kwamba hayupo. Nguo zake huzianika ndani. Mtu akimpa habari njema, swali lake la kwanza ni nani aliyemtuma kuileta. Sisi tumemzoea, tena tunampenda. Kuna sababu za kuwa hivyo, na nitakufikisha huko, usiwe na haraka.

Ndani ya foronya mlikuwa na daftari la wafu la kanisa. Paa lilivuja wakati wa baridi, kurasa zikavimba na kushikana, na Padri Achim alitaka majina yote yachapwe upya ili yasomwe Jumamosi ya Wafu, siku moja kabla ya Pentekoste. Ni majina mia tisa na arobaini, nyumba kwa nyumba, kwa mwandiko wa babu yake Zamfira aliyekuwa mwimbishaji wa kanisa. Mwandiko ule umejikunja kama mizizi ya mzabibu, na hakuna mwingine aliye hai anayeweza kuusoma. Mkono wa kuume wa Zamfira hutetemeka akishika kalamu. Akiuweka juu ya vibonye hautetemeki.

Lakini yeye alikuja kwa ajili ya jina moja. Babu alifariki mwaka 1980, na tangu hapo daftari halikuongezwa kitu. Mdogo wake Zamfira, Filimon, alifariki 1987, kwa hiyo hakuwemo. Miaka yote hiyo jina lake lilikuwa likipelekwa kwenye kikaratasi, likinong'onwa na padri pamoja na vikaratasi vingine, kisha padri alirudisha vikaratasi kwa wenyewe, na Zamfira alikichoma chake. Sasa lingeingia daftarini. Jumamosi lingesomwa kwa sauti mbele ya kijiji kizima, na kila mwaka baada ya hapo, hata Zamfira mwenyewe atakapokuwa jina kwenye ukurasa uleule.

Nikamwashia kompyuta. Ni kuukuu, tulipewa na shule ya mjini, na inatumia mfumo wa Linux kwa sababu haina nguvu ya kubeba kitu kingine. Akavua pete, akanyoosha vidole vyote kumi, akainua macho kwenye dirisha kama walivyofundishwa zamani, akaanza kupiga. Ilikuwa raha kusikiliza. Aliposhusha macho kwenye skrini, palikuwa na uji mtupu. Kila penye Z pametokea Y, na herufi zetu zenye vikofia na vijimkia zimekuwa mabano na alama za hesabu.

Hakulalamika. Alinigeukia polepole akauliza, "Nani amevihamisha?"

Nikamweleza kwamba hakuna aliyehamisha kitu, kibodi za siku hizi ndivyo zilivyo. Akasema vidole vyake havijui kusoma, vinajua njia, na mtu akibadilisha njia ana sababu. Nikajitolea yeye asome, mimi nichape. Akanitazama.

"Ili uyajue yote?"

"Bi Zamfira, ni majina ya makaburini. Yameandikwa kwenye mawe."

"Mawe hayasemi nani alikuwa ndugu wa nani."

Basi akajaribu kutafuta herufi mojamoja kwa kidole cha shahada, miwani puani. Mpaka mchana alikuwa na majina kumi na moja. Kwa mwendo huo asingemaliza kabla ya Jumamosi, wala mwezi mzima baadaye. Nilimwona akiyatazama yale kumi na moja, kisha akilitazama daftari, na midomo yake ikawa uzi. Ndipo nikafanya jambo ambalo pengine sikupaswa kulifanya. Nikamwita Sabin Oprea.

Sabin ndiye anayetutunzia kompyuta zetu, bure, tangu alipostaafu. Ni mzee mrefu, mpole, huongea kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Kitu kimoja tu: kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa kituo cha simu, na miaka ile ya udikteta kituo cha simu kilikuwa na chumba cha nyuma ambacho mlango wake haukuwa na kitasa kwa nje. Sabin hajawahi kukisema chumba hicho. Na sisi hatujawahi kumuuliza.

Alipoingia, Zamfira alifunika daftari kwa foronya.

Sabin akasalimia, akaelezwa, akacheka kidogo kwa huruma. Alimwambia kwamba kompyuta haijali kibonye kimeandikwa nini juu yake. Kila kibonye kina anwani, safu na nafasi, kama viti vya sinema ya zamani mjini, na ndani ya mfumo kuna faili inayosema kiti gani amekaa nani. Ukibadilisha faili, watu wanahama viti. Akafungua orodha ya mipangilio, akachagua ile ya taipureta za zamani, akamwambia ajaribu. Nusu ikakaa sawa, nusu ikabaki uji. Mimi nilishangaa, Sabin hakushangaa. Taipureta ya ushirika haikuwa kama nyingine. Mwaka 1979 ilianguka kutoka kwenye mkokoteni, na fundi aliyeletwa kutoka mjini akarudishia nyundo za herufi popote alipopata nafasi. Zamfira alijifunza upya juu ya mpangilio ule wa fundi, na mpangilio ule haukuwemo kwenye orodha yoyote duniani. Ushirika ulipovunjwa alipewa taipureta yenyewe, nayo iko kabatini kwake mpaka leo, utepe umekauka kiasi kwamba inachapa kivuli.

Sabin akasema atamtengenezea mpangilio wake mwenyewe. Kazi ya saa mbili. Kisha, kwa sauti yake ileile ya upole, akaomba kitu:

"Nichapie karatasi moja tu kwa ile ya zamani, Bi Zamfira. Herufi zote, safu kwa safu, kushoto kwenda kulia. Kwanza ndogo, halafu kubwa, halafu tarakimu na alama."

Zamfira akasimama. Alichukua foronya yake akatoka, bila kuaga hata paka.

Sabin alibaki na mkono hewani. Aliniuliza amekosea wapi, nami nikamtazama nisijue kama haelewi kweli au anajifanya. Kwa sababu mtu yeyote wa umri wetu hapa anaelewa. Miaka ile kila taipureta iliandikishwa. Kila mwanzo wa mwaka uliibeba mpaka kituo cha milisia, polisi wa wakati ule, ukakaa mbele ya sajenti, ukachapa karatasi moja: herufi zote, ndogo, kubwa, tarakimu na alama. Karatasi ikawekwa kwenye jalada, ili siku karatasi nyingine ikionekana mahali isipotakiwa wajue imetoka kwenye mashine gani. Zamfira ndiye aliyekuwa akiibeba mashine ya ushirika. Alichapa sampuli yake kwa uaminifu, safi, bila kosa, kwa sababu alijivunia kazi yake.

Mwaka 1984, asubuhi moja ya Februari, karatasi ilikutwa imebandikwa kwenye mlango wa duka la mkate. Ilikuwa na mistari miwili, ikiuliza mkate uko wapi na mpaka lini watu watalishwa hotuba. Saa moja asubuhi ilikuwa imeshabanduliwa, lakini tulioamka mapema tuliiona, na tuliona kwamba kila herufi ya a ilikuwa imevunjika mkia. Wiki tatu baadaye walikuja kumchukua Filimon. Alikuwa ameingia ofisini kwa dada yake wakati wa chakula cha mchana, akachapa kwa vidole viwili. Alirudi baada ya miaka miwili, na mapafu yake hayakudumu mwaka wa pili.

Zamfira hakuwahi kusema neno, ila kila mtu anajua anachokiamini. Anaamini karatasi yake ile safi ndiyo iliyompeleka ndugu yake. Kuna kitu kimoja zaidi, nacho pia hakisemwi. Siku mbili kabla ya kukamatwa, Filimon alimpigia rafiki yake wa mjini kutoka posta. Simu ile ilipita kwenye kituo alichofanyia kazi Sabin, na ndani ya kile chumba cha nyuma ndimo simu za watu zilimosikilizwa.

Jumatano nilidhani hatakuja. Akaja. Alisimama mlangoni, akahesabu, akaona Sabin yupo, na akaingia hata hivyo. Kutoka kwenye mkono wa sweta akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani kama mtu anayeweka mtego wa panya.

Sabin akaikunjua. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Mkia wa a bado umevunjika," alisema.

Mimi na Zamfira tulitazamana. Hilo "bado" lilikaa kati yetu kama mgeni ambaye hakualikwa. Ni kweli pia kwamba nusu ya kijiji iliiona ile karatasi mlangoni pa duka la mkate, na Sabin siku zote huamka mapema. Lakini Zamfira alikivuta kiti chake nyuma tena, ukutani, ingawa kilikuwa kimeshagusa.

Sabin akafanya kazi. Alinakili faili ya mpangilio wa Kiromania, akaipa jina jipya, akaanza kuhamisha watu viti: kibonye hiki herufi hii ndogo, hii kubwa, nukta-mkato, mstari unaofuata. Mara moja alisahau nukta-mkato na mfumo ukaikataa faili nzima, akajisonya, akairudishia. Kisha akaongeza jina la mpangilio kwenye orodha, akatoka kwenye mfumo na kuingia tena. Kwenye kona ya skrini, ukibofya orodha ya lugha, palikuwa na Kiromania, Kiingereza, na chini yake, Zamfira.

Zamfira akaliona jina lake ndani ya mashine. Akanyoosha vidole, akatazama dirisha, akapiga jina la nyumba ya kwanza. Uji. Uji mwepesi zaidi kuliko wa jana, lakini uji.

Sabin akainama juu ya faili, akalinganisha na karatasi mstari kwa mstari. Kila kitu kilikuwa sawasawa na karatasi. Akalinganisha tena. Halafu akaacha kulinganisha, akamtazama Zamfira, na Zamfira akamtazama yeye, akiwa ameinua kidevu.

Nami ndipo nilipoelewa. Karatasi ilikuwa ya uongo. Alikuwa amezibadilisha herufi sita mahali, kwa makusudi. Sampuli aliyotamani angempa sajenti miaka thelathini na miwili iliyopita, alikuwa amempa Sabin.

Niliogopa Sabin atakasirika. Nilimwogopa zaidi asipokasirika. Paka akaruka kutoka dirishani hadi sakafuni akaanza kujilamba. Kisha Sabin akasimama, akampa Zamfira ile karatasi mkononi, akamwonyesha kiti chake mbele ya kompyuta.

"Karatasi yako hiyo, nenda kaichome. Kaa hapa, Bi Zamfira, uhamishe mwenyewe. Mimi nitatazama nje."

Na kweli akaenda dirishani akatupa mgongo. Zamfira alikaa. Aliisoma faili kuanzia juu mpaka chini, kidole kwenye skrini, kama anavyosoma mkataba wa umeme. Aliniuliza mimi, si yeye, kama ndani yake kuna mahali pametajwa namba ya nyumba au kitambulisho. Nikamwonyesha kwamba hamna kitu ila herufi na viti vyake. Akaanza kusahihisha, kwa kidole kimoja, polepole, akifunika skrini kwa kiganja kingine kila alipomaliza mstari. Mistari sita. Sabin dirishani aliuliza kama ameweka nukta-mkato zote. Akajibu kwamba alikuwa akiweka nukta-mkato wakati yeye Sabin bado anachomeka waya, na masikio ya Sabin yakafanya kama yanacheka.

Tukatoka kwenye mfumo, tukaingia tena. Vidole kumi, macho dirishani. Nyumba ya Bălan: Ioan, Maria, Paraschiva, Gherasim, mtoto ambaye hakubatizwa. Kila herufi kwenye kiti chake.

Ungemwona. Mgongo ulijitenga na ukuta. Alichapa nyumba tatu bila kupumzika, kisha akasimama ghafla, akaelekeza kidole kwenye kona ya skrini.

"Jina langu litoke hapo."

Sabin akasema hilo ni jina tu, la kuchagulia. Linaweza kuwa lolote. Liwe nani?

"Liwe lako," alisema Zamfira. "Wakija kuuliza ni mikono ya nani, wakukute wewe."

Nilidhani ni mzaha na nilikuwa tayari kucheka. Sabin hakucheka. Alikaa, akafungua orodha, akafuta Zamfira, akaandika Sabin Oprea, jina kamili, akahifadhi. Alifanya hivyo taratibu na kwa uangalifu, kama mtu anayetia saini. Mpaka leo ukija maktabani ukabofya ile kona utalikuta.

Alhamisi alifika nyumba ya mia na kumi. Ijumaa watu walileta vikaratasi vya nyongeza, waliokufa baada ya babu yake, kila nyumba na vyake. Zamfira alivichukua kimoja kimoja, akauliza kila mleta kikaratasi nani alikiandika, akachapa. Kwenye nyumba ya Crețu, mwisho wa mstari, baada ya baba na mama, akachapa Filimon. Alilitazama jina hilo muda mrefu. Akaliendea kwa mshale, akaona kila herufi iko mahali pake, akarudi.

Kikaratasi cha mwisho kilikuwa cha Sabin. Alikiacha kwenye meza akaenda zake, akisema ana kuku wa kuwafungia. Kilikuwa kimekunjwa na kukunjuliwa miaka mingi hadi mikunjo imekuwa matundu, karatasi ya kizamani yenye kichwa cha ofisi ya simu. Majina kumi, kwa wino mmoja, umegeuka rangi ya chai. Baba yake Sabin, aliyefariki 1988. Mama. Mjomba wake wa kwenye reli. Wengine ninaowajua na nisiowajua. La kumi, Filimon.

Zamfira aliivua miwani, akaifuta kwa kona ya kitambaa, akaivaa.

"Kwa akina Oprea kuna Filimon?"

Nikamwambia sijawahi kumsikia. Na hakuwahi kuwepo, nimeuliza baadaye. Wala Sabin na Filimon hawakuwa marafiki, mmoja alikuwa wa juu kijijini, mwingine wa chini. Zamfira akanusa karatasi, akaigeuza nyuma, akailinganisha wino wa jina la kumi na wino wa lile la kwanza. Ni uleule. Siku ileile. Kwa hiyo kila Jumamosi ya Wafu, kwa karibu miaka thelathini, jina la ndugu yake lilikuwa likinong'onwa kanisani mara mbili, mara moja kutoka mkononi mwake na mara moja kutoka mkononi mwa mtu ambaye yeye Zamfira alikuwa akimkwepa barabarani.

Nilimwona akifikiri, na nadhani nilijua anachofikiri, maana nami nilikuwa huko huko. Mtu aliyeona tu karatasi mlangoni na akasikitika anaweza kuliandika jina la marehemu wa wengine pamoja na majina ya wafu wake. Mtu aliyekuwa kwenye chumba kisicho na kitasa, akasikia simu iliyopigwa kutoka posta, anaweza pia. Na kama ilikuwa simu, basi haikuwa karatasi yake ya sampuli. Basi mikono yake Zamfira ilikuwa safi siku zote hizi, na hakuna aliyemwambia.

Akaweka vidole kwenye vibonye. Chini ya nyumba ya Oprea akachapa majina yote kumi, kama yalivyo kwenye kikaratasi. Hakufuta hata moja.

Jumamosi kanisa lilijaa. Kila mama alikuwa na bakuli la ngano iliyochemshwa na sukari na kikombe kipya kilichofungwa ua kwenye kishikio chake, cha kumpa jirani kwa ajili ya roho za wafu wake. Padri Achim alisoma kutoka kwenye kurasa nyeupe zenye harufu ya wino. Alipofika kwa akina Crețu alisema Filimon, kwa sauti, na Zamfira alifunga macho. Majina mengi baadaye, alipofika kwa akina Oprea, akasema Filimon tena. Baadhi ya watu waligeuka. Sabin, karibu na nguzo, hakuinua kichwa.

Nje, uani, Zamfira aligawa vikombe vyake. Alinunua saba, nilivihesabu, maana nimeambukizwa. Alinipa mimi kimoja, Padri kimoja, majirani wanne. Cha saba alikishika kwa mikono miwili, mshumaa umewaka ndani yake, akakatiza uwanja mpaka alipo Sabin, akasimama mbele yake. Sabin alivua kofia. Mkono wa kuume wa Zamfira ulikuwa ukitetemeka na ule moto mdogo ukitetemeka nao, na wote wawili walikuwa wakiutazama moto, hakuna anayemtazama mwenzake.

Nilikuwa mbali, sikusikia kama palisemwa kitu, na tangu siku ile sijauliza. Lakini nakuuliza wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: kikombe kiko mkononi mwako na mtu yuko mbele yako. Je, ungemuuliza, au ungempa ukanyamaza?